Yule Mwekundu ni Nkongolo

Diski ilikuwa na filamu nane, na yaya (kwetu yaya ni ndugu aliyekutangulia kuzaliwa) aliinunua soko la Kenya. (Kwa msomaji wa mbali: Kenya ni komine, yaani mtaa mkubwa, hapa Lubumbashi, Kongo, hakuvuka mpaka.) Jalada lake lilikuwa na picha ya jitu jekundu lenye pembe zilizokatwa, na kando yake bondia mmoja ambaye tulimtafuta katika filamu zote nane tusimwone. Hiyo ilikuwa 2009. Filamu ya tano ndiyo iliyoleta ugomvi nyumbani kwetu Katuba, na ugomvi huo haujaisha, ingawa aliyeuanzisha tulimzika 2013.

Kwa jina la kwao ni Hellboy II: The Golden Army. Nakala yetu ilikuwa ya Kifaransa, Les Légions d'or maudites, na sisi watoto tulikuwa tumeshafupisha: Eliboyi ya pili. Ilitoka Marekani Julai 2008. Aliyeiongoza ni Guillermo del Toro, Mmeksiko wa Guadalajara, na mhusika wake mkuu alibuniwa na mchoraji Mike Mignola katika vitabu vya katuni mwaka 1993. Ni pepo mdogo aliyeletwa duniani na Wanazi, akaokotwa na profesa mwema, akalelewa, akakata pembe zake mwenyewe ili asitishe watu, akaajiriwa na serikali ya Marekani kupiga madubwana kwa siri. Ndani ya ngozi hiyo nyekundu yumo Ron Perlman. Sehemu ya kwanza ya 2004 niliiona baadaye na nikaisahau haraka.

Kambo alikuwa mama wa baba yangu. Alizaliwa Kabongo, katika nchi ya Waluba, akaja mjini akimfuata mume aliyepata kazi kwenye shaba. Kifaransa hakukijua na hakukitamani. Jioni ile alikuwa amekaa mkekani, ameegemea ukuta, anachambua sombe, majani ya muhogo, uso ameugeuzia mlangoni kwa makusudi, maana filamu zetu kwake zilikuwa kelele za watu wanaovunja vioo. Yaya ndiye aliyekuwa mkalimani wa nyumba. Ninaposema mkalimani nina maana ya mtu aliyesikia neno moja katika matano na kuyatunga manne yaliyobaki.

Filamu inaanza kwa hadithi ya kulalia. Ni Noeli ya 1955, kwenye kambi ya jeshi. Pepo mwekundu bado mtoto, hataki kulala, na yule profesa mlezi, aliyechezwa na mzee John Hurt, anafungua kitabu amsomee. Del Toro hapo hakuweka waigizaji. Aliweka vinyago kama vya mbao vinavyotembea kwa viungo vyao vikavu, vile ambavyo mtoto angeviona kichwani mwake huku anasikiliza. Zamani sana, anasema profesa, wanadamu na viumbe wa msituni walipigana, kwa sababu wanadamu walikuwa na tamaa isiyojaa. Fundi mmoja wa kizimwi akamwendea mfalme Balor akamwambia, nitakuundia askari wa dhahabu sabini mara sabini, wasiojua njaa wala huruma. Piga hesabu: 4,900. Askari wakaamka, wakaua, wakaua, mpaka mfalme mwenyewe akaingiwa na uchungu. Akaomba suluhu. Taji la kuwaamrisha askari likagawanywa vipande vitatu, kimoja wakapewa wanadamu. Wanadamu wakae na miji yao, wale wengine wakae na misitu. Mtoto wa mfalme, Nuada, hakuikubali suluhu hiyo. Akaondoka, akaahidi kurudi siku ambayo watu wake watamhitaji.

Kambo alikuwa amegeuka. Sombe ilibaki mikononi.

"Uyu muzungu anajua kulalisha mutoto," alisema.

Akakaa hivyo, amegeuka, muda mrefu. Nuada alipotokea sasa, mtu mzima, mweupe kama unga, nywele ndefu, akichezesha mkuki wake gizani, kambo akauliza: "Na ule, ni mutoto ya nani?"

"Ni mutoto ya mulopwe, kambo." Mulopwe ni mfalme, kwa Kiluba.

"Na uyu mwekundu, mwenye kukula mbele ya bantu?"

Yaya akatoa kifua. "Uyu njo mukubwa ya filme."

"Hapana," kambo akasema. "Uyu ni Nkongolo."

Kwa msomaji wa Mombasa au Tanga ambaye hakulelewa na masimulizi hayo, nieleze kidogo, na wazee wa Kabongo wanisamehe kwa kufupisha. Nkongolo Mwamba ndiye mfalme wa mwanzo katika masimulizi ya Waluba. Alikuwa mwekundu wa ngozi, mkali, mlevi, mtu wa kucheka ovyo na kula mbele ya kila mtu. Upinde wa mvua unaitwa kwa jina lake, na wanaosimulia wanasema ni joka. Siku moja akafika mwindaji kutoka mashariki, Mbidi Kiluwe, mweusi wa kung'aa, mtoto wa mfalme, aliyejificha alipokula. Nkongolo alimcheka kwa adabu hiyo. Mbidi akazaa na dada wa Nkongolo, kisha akarudi kwao, na mtoto aliyeachwa ndiye Kalala Ilunga. Mtoto alipomshinda mjomba kwa uhodari, mjomba akachimba shimo, akasimamisha mikuki ndani, akatandika mkeka juu, akamwita mpwa wake aje acheze ngoma. Mpiga ngoma akamwonya kwa mdundo. Kalala akarusha mkuki mbele yake, mkuki ukatoboa mkeka, shimo likaonekana, naye akaruka akakimbilia kwa baba yake ng'ambo ya mto. Alirudi na jeshi. Nkongolo akakatwa kichwa, na kichwa kikazikwa mbali na kiwiliwili. Ufalme wenye adabu unahesabiwa kuanzia hapo.

Sasa itazame filamu ukiwa na hayo kichwani. Mwekundu anaishi chini ya ardhi na paka wasiohesabika na televisheni zinazowaka zote pamoja, anavuta sigara kubwa, anakunywa bia ya kopo, anagombana na mpenzi wake mpaka moto unawaka (mpenzi huyo, Liz, aliyechezwa na Selma Blair, kweli huwaka moto). Nuada haongei bila sababu. Anajua kila silaha, anaukumbuka ukoo wake, amerudi kutoka uhamishoni kutafuta jeshi ili alipe deni la zamani. Mkuki. Uhamisho. Jeshi. Kambo hakuhitaji mkalimani tena. Tangu dakika ile alikuwa upande wa Nuada, nasi wajukuu tukiwa upande wa Eliboyi, na kila ngumi iliyopigwa ilipigiwa kelele kutoka pande mbili za chumba.

Kuna mahali msimamo wake uliyumba. Nuada anarudi kwa baba yake, mfalme Balor, mzee wa mkono mmoja, kudai kipande cha taji, na baba anapomhukumu kufa, mwana anawaua walinzi, kisha anamuua baba. Yaya alishangilia: unaona mtu wako? Kambo alinyamaza hadi tulipofika sehemu nyingine kabisa. Ndipo akasema, kana kwamba tulikuwa bado tunazungumza, kwamba Kalala hakumuua baba yake, kwa hiyo huyu mzungu aliyetengeneza filamu ameharibu hapo, lakini mahali pengine ameweka sawa. Nimesoma wahakiki wengi tangu siku ile. Sijaona aliyemkosoa del Toro kwa kosa hilo.

Mapacha pia aliwaelewa kabla yetu. Nuada ana pacha wake wa kike, Nuala, na kidonda cha mmoja hutoka damu kwa mwenzake. Yaya alijitahidi kueleza kwamba ni uchawi wa namna fulani. "Uchawi gani?" kambo akamkata. "Ni Kyungu na Kabange." Hayo ndiyo majina ya mapacha kwa Waluba, na kwa kambo mapacha ni mtu mmoja aliyekuja mara mbili, ukimpa mmoja kitu lazima umpe na mwingine. Mwisho wa filamu, ambapo Nuala anajichoma kisu kifuani ili pacha wake afe, alikuwa ameutangaza nusu saa kabla.

Abe Sapien tulimgombania kidogo. Ni rafiki wa Eliboyi, mtu mwenye magamba na mashavu ya samaki, mpole, msomaji wa vitabu. Ndani ya suti hiyo yumo Doug Jones, mrefu, mwembamba, na safari hii ana sauti yake mwenyewe. Sehemu ya kwanza walimpa sauti ya mtu mwingine. Kwa kila mtoto wa Lubumbashi kiumbe nusu mtu nusu samaki ana jina moja tu: mamba muntu. Zamani, miaka ya 1970, nyumba nyingi za mji huu zilikuwa na picha yake sebuleni, kazi ya wachoraji wa mitaani: mwanamke wa nywele ndefu, mkia wa samaki, kioo, kitana, mara nyingine nyoka. Ukiokota kitana chake atakujia ndotoni kukidai, atakupa utajiri, na utajiri huo una bei yake, kwa kawaida mtu wa nyumbani kwako. Mamba muntu wa kiume, anayelewa bia na kuimba wimbo wa mapenzi na pepo mwekundu kwa sababu wote wawili wana maumivu ya moyo, hilo hatukuwa tayari nalo. Mdogo wangu alicheka mpaka akajikojolea. Ni moja kati ya sehemu nzuri za filamu, na labda ni ya ajabu kuliko zote zenye madubwana: ugomvi unasimama, dunia inangoja kuangamizwa, na viumbe wawili waliolewa wanaimba vibaya.

Halafu soko. Chini ya daraja la Brooklyn, New York, nyuma ya mlango wa chuma, kuna soko la mazimwi. Ili uwaone wakiwa juu mitaani unahitaji miwani maalum, maana wamejificha katika sura za watu. Del Toro huchora viumbe vyake katika madaftari kabla ya kuvipiga picha, na hapo amemwaga daftari zima: mfanyabiashara mwenye kitu kifuani tulichodhani ni mtoto, kumbe ni uvimbe, nao unajibu wenyewe kwamba ni uvimbe. Sijachoka kuitazama ile sehemu. Kamera haisimami kukuonyesha. Inapita kama mtu mwenye haraka ya kununua kitu. Soko la kweli ndivyo lilivyo, hakuna anayesimama kumshangaa muuzaji. Kambo alitazama miwani akatikisa kichwa. Kwetu mtu anayeona visivyoonekana husemwa kuwa ana macho ine, manne, na hayo hayanunuliwi dukani.

Lakini nilitaka kuandika juu ya jini la msitu, nami nazunguka-zunguka.

Nyuma ya nyumba yetu palikuwa na kichuguu. Msomaji wa pwani asifikirie kile kirundo kinachofika magotini. Hapa kwetu kichuguu kinafika mita tano, vingine mita nane, kina miti yake juu, na mtaa unakizunguka kama unavyozunguka kanisa. Udongo wake ni mzuri kuliko wowote kwa matofali. Nusu ya mji huu imetoka ndani ya vichuguu. Mafundi wa zamani wa shaba wa Katanga, wale walioitwa wakula shaba, walijengea matanuru yao udongo huo huo, na kazi ile hawakuianza kabla ya kuwaomba waliotangulia. Mwaka 2007 baba aliamua kuongeza chumba. Kambo hakukataa. Aliomba jambo moja tu, apewe asubuhi moja kabla ya mafundi. Akaweka pemba, ule udongo mweupe, chini ya mti uliokuwa juu ya kichuguu, akasema maneno kwa Kiluba, mafupi, sauti ya mtu anayebisha hodi. Baba, mtu wa kanisa, alisimama pembeni akitazama saa yake. Nilimuuliza kambo anazungumza na nani. "Na mwenye mahali," akasema, kama vile nimemuuliza jina la jirani.

Walichimba majuma mawili. Mti ulikuwa makala kabla ya Jumapili ya kwanza (makala ya kupikia, tafadhali). Kikabaki kisiki cha kichuguu kimo cha mtu, upande wa choo, kwa sababu matofali yalitosha. Chumba kikajengwa, na chumba hicho ndicho tulichokuwa tumekaa ndani yake tukitazama filamu.

Nuada, akiwa juu ya paa mjini, anarusha mbegu. Mbegu inatafuta maji, inaota, inapasua barabara, na linainuka jitu la majani na mizizi, refu kama ghorofa, lisilo na neno la kusema. Linafanya anachofanya mti: linakua mahali ambapo tayari kuna kitu kingine. Magari yanarushwa. Eliboyi ana mtoto mchanga wa watu mkono mmoja na bastola yake kubwa mkono mwingine. Amekilenga kichwa. Hapo Nuada anamsemesha. Anamwambia, kwa maneno yangu, kwamba hili ni la mwisho la aina yake, kama wewe na mimi. Ukiliua dunia haitaliona tena. Na wewe una undugu na sisi kuliko na hao unaowapigania. Na Eliboyi anasita. Filamu za mashujaa hazipendi kusita. Shujaa akisita ni kwa sababu adui ni mama yake au mpenzi wake. Huyu anasitia mti.

Kisha anapiga.

Jitu linaanguka, na damu yake ni kijani, na kila inapogusa panaota nyasi, juu ya lami, juu ya mabati ya magari, maua meupe yanafunguka juu ya tangazo la biashara, chavua inashuka kama mvua nyepesi, na muziki wa Danny Elfman unateremka. Mtaa mzima umekuwa bustani. Del Toro angeweza kuonyesha ushindi. Anakuonyesha kilichokuwa ndani.

Yaya alikuwa ameinua mikono kushangilia, akaishusha.

"Banaua mwenye mahali," kambo alisema.

Hakulia. Mimi nilitegemea alie, kwa hiyo nilikuwa namtazama yeye badala ya televisheni. Alichofanya ni kujisogeza mbele kidogo kwenye mkeka, mgongo wake usiguse ukuta. Akamaliza filamu ameketi hivyo, wima, mzee wa miaka sabini na kitu, bila pa kuegemea.

Na katika filamu, Eliboyi anamrudisha mtoto kwa mama yake, mama anamnyakua kama kutoka kwa mwizi, na watu wanaanza kumtukana, mmoja anamrushia jiwe. Huko ndiko kambo alipata neno la pili: "Unaona? Unaua mwenye mahali sababu ya bantu, na bantu habana shukrani." Ilikuwa mara yake ya kwanza kumsemea mwekundu vizuri. Kwa Nkongolo wa zamani hakuna huruma katika hadithi. Kwa huyu alikuwa ameipata, dakika tano tu, halafu akarudi kwa mulopwe wake.

Nimeiona filamu ile labda mara kumi tangu hapo, na kadiri ninavyozidi kuwa mtu mzima ndivyo ninavyoona kwamba kambo alikuwa ametaja kilichomo. Madubwana ya filamu za namna hii huja kutoka mahali: angani, kuzimu, maabara. Ya filamu hii hayakuja. Yalikuwepo. Wengine ndio waliokuja, wakaweka mkataba, miji kwenu, misitu kwetu, wakausahau. Nuada anataja maegesho ya magari na maduka makubwa kwa dharau, na watazamaji wa Marekani pengine hucheka. Mimi nawafikiria wauza makala wanaoingia mjini na baiskeli zilizosheheni magunia, wanaosukuma kwa siku nzima kwa sababu miombo ya karibu imekwisha. Nilipokuwa mdogo mapundu, matunda ya msituni, tuliyaokota wenyewe, mwendo wa mguu. Sasa tunayanunua.

Nisiwe mtu wa kusifu tu. Kuna mambo yanayonichosha. Ugomvi wa Liz na mpenzi wake kuhusu usafi wa chumba ungefaa kwa vichekesho vya televisheni. Bosi mpya, Johann Krauss, ambaye ni moshi ndani ya vazi la mzamiaji, anachekesha mara mbili, ya tatu unatamani mtu afungue dirisha. Na lile jeshi lenyewe la dhahabu, lililotajwa kwenye jina, linatokea mwishoni kabisa, linapigana kidogo, linalala. Vyuma vinavyojikunja kama mayai na kujifungua kuwa askari, ukiwavunja wanajiunga tena kipande kwa kipande: unawangoja masaa mawili kasoro kidogo, unapewa dakika chache.

Baba, ambaye miaka yake mizuri aliitoa kwenye tanuru za shaba, alipita mlangoni wakati huo akasimama. Filamu hakuifuatilia. Alitazama tu vile vipande vinavyorudi mahali pake. "Ile haiko dhahabu," akasema. "Dhahabu ni laini, haiwezi kupigana." Akatueleza kwamba kinachovunjwa, kuyeyushwa na kurudi kilekile bila kuchoka ni shaba, waya wa leo unaweza kuwa sufuria ya babu wa mtu. Akaenda zake kulala. Nadhani ndiyo hotuba ndefu kuliko zote aliyowahi kutupa juu ya kazi yake.

Kwa biashara, filamu haikuanguka na haikupaa. Ilitengenezwa Budapest, Hungaria, kwa dola kama milioni 85, ikakusanya karibu milioni 168 duniani. Ilifungua ikiwa ya kwanza Marekani, na juma moja baadaye, tarehe 18 Julai, Batman akatoka na ile filamu yake iliyovuka bilioni, basi habari za pepo mwekundu zikaisha. Waliotengeneza ngozi na nyuso, Mike Elizalde na Thom Floutz, waliteuliwa kuwania Oscar ya upambaji wa nyuso, wakashindwa na filamu ya yule mzee anayezidi kuwa kijana, Benjamin Button. Del Toro alipata zake baadaye, 2018, kwa filamu nyingine ya mtu-samaki, Doug Jones yuleyule ndani ya suti. Mamba muntu hulipa, tulishasema.

Sehemu ya tatu haikuja. Mwaka 2017 del Toro alitangaza kwamba haitakuja. Hili linaniuma kwa sababu ya malaika mmoja. Eliboyi amechomwa na mkuki wa Nuada, kipande cha ncha kinasogea kuelekea moyoni, na Liz anampeleka mbele ya Malaika wa Mauti, kiumbe asiye na macho usoni. Macho yako kwenye mabawa, yamejipanga kama mbegu ndani ya ganda. Malaika anamwambia Liz: naweza kumtoa, lakini huyu ndiye atakayeiangamiza dunia, na wewe ndiwe utakayeteseka kuliko wote. Chagua. Liz anamchagua mpenzi wake bila kupumua. Deni likabaki hivyo, limeandikwa, hakuna wa kulidai. 2019 walianza upya na mwigizaji mwingine, kana kwamba malaika hakusema neno.

Mwezi uliopita niliitazama tena na binti yangu, kwenye kompyuta, ndani ya chumba kilekile, maana nyumba nimebaki nayo mimi. Umeme ulikatika Nuada akiwa bado hajavaa taji, na binti akanilazimisha nimalizie kwa mdomo. Nikamalizia. Sikugundua mpaka katikati kwamba nilikuwa nimeweka mkeka juu ya shimo, na mpiga ngoma. Akalala kabla ya kichwa kuzikwa.

Nikampigia picha Nuada siku ya pili umeme uliporudi, nikamtumia yaya kwa WhatsApp, na maneno mawili: mulopwe yako. Yaya siku hizi ni dereva wa lori, yuko Kasumbalesa siku nyingi kuliko nyumbani, anangoja kwenye foleni ya mpaka. Akajibu kwa ujumbe wa sauti wa dakika nne, honi zikipigwa nyuma yake. Dakika tatu na nusu alimtetea Eliboyi. Kwamba mutoto ya bantu alikuwa mkononi, ungefanya nini weye? Kwamba kambo alikuwa anapenda watu wembamba tu. Kwamba ule mweupe alikuwa na kiburi, na mwenye kiburi hata akishinda hatakuachia kiti. Alikuwa na moto wa 2009 uleule, nikacheka peke yangu jikoni.

Kisha sauti ikashuka, kama mtu aliyekumbuka neno lililomfanya atake kupiga simu tangu mwanzo. Anajenga kule kiwanja chake, mnajua, na matofali yamepanda bei. "Na ile kipande ya kichuguu yenye ilibakia upande ya choo," akasema, "iko bado? Uliza fundi, inaweza kutosha chumba kimoja."

Nimeisikiliza mara tatu. Alama mbili za buluu amekwisha kuziona.